Sahihi ya Ijumaa

...mara ya mwisho lini, anauliza huyu msichana aliyetoka Nairobi, mzee, wewe ulimwona Keynan mara ya mwisho lini, na kalamu yake imesimama juu ya fomu ikingoja, na mimi napuliza chai, chai ambayo hata si moto tena, imeshaota utando wa maziwa juu, napuliza tu ili mdomo uwe na kazi..., mzee, ananiita mzee, miaka arobaini na mitatu, sawa, nywele zimehama kichwani zikahamia masikioni, na tumbo huingia mlangoni kabla yangu likasalimia watu, lakini mzee..., anaitwa Mutindi, ni Mkamba kama mimi, amejieleza vizuri, yeye na wenzake wanakusanya habari za watu waliopotea enzi zile za chama kimoja, kila aliyepotea ana fomu yake na fomu yake inataka shahidi, na shahidi wa Keynan ni mimi, nimechaguliwa na mama yake mwenyewe, Habibo, yule pale nyuma ya kaunta ya duka lake hapa Noonkopir, ameinua kopo la sukari kumpimia mteja, mama wa Kimaasai aliyeingia akisalimu supa na kuomba kilo mbili, anamimina polepole lakini sikio lote liko huku, amewaambia, muulizeni Kiema, Kiema alikuwa rafiki yake wa damu, Kiema anakumbuka kila kitu..., na kweli nakumbuka, hiyo ndiyo shida yangu, ningekuwa na akili ya kusahau ningekuwa mbunge saa hii.

Mara ya mwisho lini, na pale ukutani nyuma ya Habibo, kati ya kalenda ya kiwanda cha saruji na aya ya Kurani iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu, iko ile karatasi ndani ya fremu, nakala ya ukurasa mmoja wa kitabu cha chifu, mwaka wa tisini na moja, siku ya Ijumaa, majina mawili, Kiema na Keynan, na kando ya kila jina sahihi, na ile ya Keynan imeyumba, imetetemeka..., sitaki kuitazama, nimekaa kwenye meza hii miaka nenda miaka rudi, kila nikirudi kutoka safari, na kila mara nachagua upande ambao fremu iko mgongoni, leo msichana ameuwahi upande huo, nami nimeketi kiubavu..., kitabu cha chifu, watoto wa leo ukiwaambia wanadhani unatunga, kwamba serikali ilifunga chuo, tukatimuliwa mabwenini kwa virungu na gesi ya machozi kwa sababu Keynan alipanda juu ya pipa la taka la jikoni kwenye kamukunji, ule mkutano wetu wa wanafunzi, akasema tunataka vyama vingi na pia tunataka maharagwe yasiyo na wadudu, watu walipigia makofi yale maharagwe zaidi, halafu kila mmoja akarudishwa kwao kwa sharti, Jumanne na Ijumaa, kabla ya saa nne asubuhi, ujipeleke kwa chifu wako utie sahihi, ionekane uko nyumbani unatulia, ukikosa hata siku moja masomo kwisha..., na chifu wetu akaongeza lake, ukishatia sahihi unachukua fyekeo, injinia wa kesho na mwalimu wa kesho tunafyeka nyasi za kambi yake mbele ya watoto wa shule ya msingi wanaotucheka, Keynan anapangusa jasho ananiambia, Mwalimu, hizi nyasi zinakua haraka kuliko demokrasia, kila mara akiniita Mwalimu, nami nikimwita Bwana Pipa..., "Mzee, uko sawa?" "Niko sawa, msichana, chai imenichoma," chai baridi imenichoma, mungu wangu, hata uongo wangu umezeeka.

Jumanne ile tulitia sahihi wote wawili, tukafyeka, na jua lilipofika utosini akanivuta pembeni, ana mkoba begani, "Mwalimu, naenda Oltepesi kwa mjomba, kuna kazi ya mbuzi," nami nikapapasa mkoba nikasikia makaratasi, rundo zima, "Mbuzi gani hawa wanasoma?" akacheka, ana pengo hapa juu, alicheka lote likaonekana, "Ijumaa nikichelewa, nisainie," "Nitakusainia hata cheti cha ndoa," hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake, cheti cha ndoa, wengine huagana na rafiki kwa dua, mimi nikaagana na mzaha, akaenda zake kule barabarani kutafuta gari..., na Ijumaa hakurudi, nikasema amechelewa, mbuzi wale wanasoma polepole, nikaenda kwa chifu, chifu ameshikwa na wazee wawili wanaogombania fahali, kitabu kiko wazi kwenye benchi, nikatia yangu, halafu nikahamisha kalamu mkono wa kushoto ili miandiko isifanane, ndiyo maana ikatetemeka, si kitu kingine, ni mkono wa kushoto wa Kiema..., chifu akainua kichwa, "Na yule Msomali wako yuko wapi?" "Ametoka sasa hivi, chifu, tumbo limemkamata, amekimbilia choo," wazee wa fahali wakacheka, chifu akacheka, kofia ikamlegea, nami nikachukua fyekeo nikiwa nimejaa raha kama mtu aliyeibia serikali kitu bila kushikwa..., hadithi tamu, nimeisimulia Lokichoggio kwenye hema la madereva, nimeisimulia Juba, Kigali, Goma miguu ikiwa kwenye vumbi la volkano, nikiendesha malori ya chakula cha msaada, jinsi nilivyotia sahihi za watu wawili kwa kalamu moja, wanacheka mpaka wanashika mbavu, na kila mara naikata pale pale, chooni, siendelei, hakuna mji hata mmoja nimewahi kuendelea.

Kwa sababu kuendelea ni Jumanne iliyofuata, Habibo amesimama kwa chifu na mtandio umemteleza, mtoto wangu hajarudi, mjomba wake anasema hakumwona Oltepesi kabisa, na chifu anafungua kitabu anaweka kidole, "Mama, kijana wako alikuwa hapa Ijumaa, tumbo lilikuwa linamsumbua, nilimsikia mwenyewe," alinisikia mimi, na huko polisi wakamwambia ni hivyo hivyo, Ijumaa alikuwepo, amevuka Namanga kama wenzake, ngoja barua kutoka Tanzania..., na Naliaka, yule aliyekuwa akiuza mandazi kando ya barabara, akaja mwenyewe akasema, mimi nilimwona Jumanne, mchana, wanaume watatu wenye makoti wakamtia kwenye gari jeupe, mkoba ukaanguka, makaratasi yakapeperuka hadi kwa mandazi yangu, na hakuna aliyemsikiliza, Jumanne gani na kitabu kinasema Ijumaa, wakamwita mlevi, Habibo mwenyewe alimwita mlevi, hakununua mandazi yake tena, na baadaye kibanda kikavunjwa..., nilimkuta Rongai mwaka juzi, bado anakaanga, mafuta yamemla vidole, akaniangalia akasema, "Wewe ni yule wa kuchekesha. Nilikuwa na akili zangu timamu siku ile," nilinunua mandazi mengi kuliko mtu mmoja anavyoweza kula, nikayala yote ndani ya gari, ndivyo ninavyotubu mimi, kwa tumbo.

Na kwa nini sikusema, hiyo Mutindi hajauliza lakini iko kwenye fomu mahali, lazima..., mwanzo ilikuwa woga, kughushi kitabu cha chifu wakati ule, ningetiwa kwenye gari jeupe mimi pia, halafu chuo kikafunguliwa na kila mmoja anapaswa kuja na barua ya chifu, na chifu akaniandikia, Kiema amehudhuria bila kukosa hata mara moja, nikaipeleka nikapokelewa, nikasoma, nikawa mwalimu kweli, mihula miwili, nikashindwa kuita majina ya watoto asubuhi, kila nikisema jina nasubiri mtu aitikie kwa niaba ya mwingine, nikaacha nikaenda kwa malori..., na baada ya woga ikawa huruma, au niliyoiita huruma, kwa sababu Habibo aliomba nakala ya ule ukurasa, akaitia fremu, na mimi nikajiambia ile karatasi ni siku tatu za uhai wa mtoto wake, Jumanne, Jumatano, Alhamisi, mpaka Ijumaa alikuwa anatembea juani ana kalamu mkononi, nani atamnyang'anya mama siku tatu, mtu mzuri hawezi, na mimi ni mtu mzuri, muulize yeyote, kila nikija naleta zawadi, kahawa ya Kigali, kitenge cha Goma, naketi, nachekesha, na mara moja aliniuliza, tumbo lilikuwa linamuuma sana? Nikasema, kidogo tu, mama, kidogo tu, hapo sikunyamaza tu tena, hapo nimeongeza sahihi ya tatu..., "Mzee, hata kama hukumbuki tarehe, siku peke yake inatosha," "Nakumbuka, nakumbuka, napanga tu," napanga, miaka kumi na minane napanga..., na hapo Habibo, bila kugeuka, sukari bado inamiminika mizanini, anasema, "Andika Ijumaa, msichana. Mwandikie tu. Lakini andika na hii, hiyo haiko kwa kitabu. Andika, kwangu hakupita."

Kwangu hakupita..., nini hiyo, anasema nini, "Kambi ya chifu iko pale, ukisimama mlangoni unaona bendera. Mtoto amerudi kutoka safari, ana njaa, anaumwa na tumbo, anaenda kwa chifu kuandika jina, halafu anapita zake. Mimi nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nimemwekea maziwa. Andika hivyo, wamuulize wakimpata, nilimkosea nini?" Na Mutindi ameinamisha kichwa, haandiki, mama wa Kimaasai ametazama chini, na mimi..., hajawahi kusema hivyo, mbele yangu hajawahi, miaka yote nimedhani anaiangalia ile fremu kama mtu anavyoangalia picha ya arusi, kumbe ni kesi, kumbe kila asubuhi akifungua duka anaitazama sahihi ile iliyotetemeka akitafuta kosa lake, akijiuliza, ni yale maneno niliyomwambia kuhusu vyama na siasa, ni kofi lile la utotoni, ni maziwa yalikuwa na moshi mwingi wa kibuyu, mpaka mtoto anapita hatua mia mbili kutoka kwa mlango wa mama yake na hasemi hata salamu..., na hakupita, Habibo, hakupita kwa sababu hakuwepo, Ijumaa hakuwepo, aliyepita hapa Ijumaa ile ni mimi, nilipita nikakupungia mkono, nikiwa natoka kufyeka, nikakusalimia kwa Kisomali, iska warran, nikakosea nawe ukacheka, mimi nilisalimia kwa niaba ya watu wawili na hukujua..., siku tatu, mimi nilikuwa nikikutunzia siku tatu, mjinga mimi, sikukupa siku tatu, nilikupa mtoto asiyetaka kukuona, ndiyo zawadi yangu kubwa kuliko kahawa na vitenge vyote, nami nimeketi hapa kila mwaka nakunywa chai ya nyumba hii kama mgeni wa heshima..., na nikisema sasa, nitamrudishia Habibo yule mwana, aliyeondoka Jumanne akiwa na kila nia ya kurudi na kunywa maziwa, lakini namrudishia amekamatwa, na Naliaka anakuwa mkweli, na gari jeupe linakuwa na siku na saa, na mimi, mimi nakuwa nini, hata mzaha sina wa kuweka hapo, natafuta, kwa mara ya kwanza natafuta sipati..., kalamu bado iko pale pale juu ya fomu, "Mara ya mwisho, mzee?" na sukari bado inashuka, mizani haijatulia, kilo mbili za watu hazijafika, naweka kikombe chini, nageuza kiti, fremu iko mbele yangu sasa, mkono wangu wa kushoto uko mle ndani ya kioo, unatetemeka, na sauti ikitoka si ile ya kuchekesha, siitambui, ni nyembamba, ni ya kijana fulani mwenye fyekeo, Mama Keynan, nasema, weka hiyo sukari chini kwanza.