Nafasi Moja kwa Kila Kaya

Mwaka ule mama na binti walifanya mtihani wa mwisho wa sekondari pamoja, na wote wawili wakafaulu.

Binti watu walimwita Maswali, maana tangu alipojua kusema hakuna jambo aliloliacha lipite bila kuuliza kwa nini. Mama yake alikuwa Mama Pasi. Alipiga pasi kwenye duka la dobi karibu na stendi, shati baada ya shati, nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi, tangu Maswali akiwa wa kubebwa mgongoni. Shule aliiacha alipopata mimba yake. Baba mtoto, dereva wa malori, alishaoa kwingine, akabaki mtu wa kupiga simu mara mojamoja. Maswali alipoingia sekondari, Mama Pasi naye akajiandikisha masomo ya jioni ya watu wazima. "Siwezi kukukagulia daftari nisiloelewa kilichomo," alisema, kama mzaha. Haikuwa mzaha. Kwa miaka kadhaa walikaa meza moja, wakigombania rula na kikokotoo.

Maswali alipata alama za juu katika kemia na baiolojia. Mama Pasi alipita vizuri, ingawa hesabu zilimtoa jasho.

Mwalimu mkuu alimwita Maswali ofisini na kumpa habari. Umoja wa wafanyabiashara wa soko ulikuwa ukitoa ufadhili kwa wahitimu wa mwaka huo watakaosoma katika chuo cha hapohapo mjini. Ada yote ingelipwa. Maswali hakumwambia mama yake. Alitaka ampelekee habari ikiwa imeshaiva. Asubuhi yake akaaga kwamba anakwenda maktaba, akashika njia ya chuoni.

Kwenye foleni ya ofisi ya usajili, watu wawili mbele yake, aliona kitambaa cha kichwa anachokijua.

"Mama?"

Mama Pasi akageuka, akakodoa macho. "Si umesema unakwenda maktaba?"

"Na wewe si umesema unakwenda kazini?"

Wakatazamana mikononi. Kila mmoja alikuwa na fomu, na fomu zilikuwa zilezile. Mama Pasi alikuwa ameambiwa na mwalimu wake wa jioni. Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka chinichini.

Karani wa usajili, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alimwonyesha Mama Pasi benchi la nje. "Wazazi wanasubiri pale, mama."

"Mimi si mzazi. Yaani, ni mzazi, lakini hapa nimekuja kama mwanafunzi."

Karani akasoma matokeo yake, akamtazama usoni, akarudi kwenye matokeo. Kisha akasoma ya Maswali. "Mnakaa nyumba moja?"

"Chumba kimoja," alisema Maswali.

"Hapo sasa kuna shida. Masharti yanasema nafasi moja kwa kila kaya. Mmoja wenu arudi."

"Yanasema nafasi moja, au ombi moja?" aliuliza Maswali.

Karani akavuta karatasi ya masharti, akaisoma kwa kidole, akakuna kisogo. "Nafasi."

"Basi, mwanangu," alisema Mama Pasi, "pokea yote mawili."

Habari zilimfikia mama mkubwa kabla hata hawajafika nyumbani. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Mama Pasi, muuza mitumba, mdomo hauna breki. Jumapili mchana alikuja bila hodi, akajitupa kitandani na kuvua viatu.

"Umesikia wapi mama anashindana na mwanawe? Watu watasemaje?"

"Watasema. Wakichoka watanyamaza," alijibu Mama Pasi, akiendelea kumenya vitunguu.

"Mpishe mtoto, mdogo wangu. Wewe ulishakula ujana wako."

Hapo ndipo Maswali aliposema neno ambalo lilikuwa likimkereketa kooni tangu siku ya foleni. "Mama mkubwa kasema kweli. Wewe tayari una kazi, mama. Mimi ndio kwanza naanza."

Mama Pasi akaweka kisu chini. Alimgeukia bintiye, na macho yake, mekundu kwa vitunguu, hayakupepesa.

"Sina kazi. Nina kibarua. Na nimeshapisha, mwanangu, wala si mara moja. Nilimpisha baba yako asomee udereva kwanza. Nikampisha mjomba wako. Nikakupisha wewe, na hilo sijutii hata siku moja. Lakini kila nilipofika mlangoni nimesogea pembeni mtu apite. Safari hii sisogei. Ukinishinda, nitapiga vigelegele mpaka sauti ikauke. Ila unishinde kweli. Usiombe nikuachie. Na wewe usije ukaniachia kwa kunihurumia, hilo sitakusamehe."

"Kwani mimi nimekuomba uniachie?"

"Umeniomba sasa hivi."

Mama mkubwa akatafuta viatu vyake.

Siku zilizofuata mama na binti walizungumza mambo ya chumvi na sabuni tu. Chumvi iko wapi. Sabuni imekwisha. Maswali alikuwa na hasira iliyochanganyika na aibu, na hakujua amalize ipi kwanza. Akiwa peke yake alijitetea kwa maneno makali. Akimwona mama yake ameinamia kitabu, midomo ikitembea, maneno yote yalimkauka.

Wiki hiyo alikwenda chuoni kuangalia tarehe ya usaili kwenye ubao wa matangazo. Aliiona mara moja. Lakini kwa kuwa alikuwa Maswali, hakuondoka. Akasoma ubao mzima. Kulikuwa na ufadhili mwingine: wa ushirika wa wenye malori, wa benki ya akiba, wa mamlaka ya maji, na wa hospitali kuu kwa watakaosomea ufundi wa maabara. Kila mmoja ulikuwa na mstari uleule karibu na mwisho, kwamba mwombaji asizidi umri wa miaka ishirini na mbili. Akarudia kusoma, safari hii akitafuta mstari huo tu. Tangazo pekee lisilokuwa nao lilikuwa la soko. Waliotunga masharti yale hawakuwahi kufikiria kwamba mama mtu angeweza kuhitimu.

Alisimama pale mpaka mfagiaji akamwomba asogee.

Alikuwa akiitaka ile ya soko, asijidanganye. Usaili tu, na kwa alama zake angeipata. Ya hospitali ilikuwa na mtihani wa kuingilia, nafasi mbili kwa wilaya nzima, na sharti gumu: ukihitimu, unafanya kazi katika zahanati yoyote watakayokupeleka, hata iwe mwisho wa barabara, kwa muda uleule uliosomeshwa. Alijiuliza kama lile lililokuwa likimsukuma ni huruma. Akajichunguza kwa makini, kama anavyochunguza swali la mtego. Hapana. Bado alikuwa amekasirika. Ila hesabu ilikuwa wazi mbele ya macho yake, na hakuweza kujifanya hajaiona.

Akaingia kwa karani. "Naondoa ombi langu la soko."

"Umelazimishwa?"

"Mimi? Nipe fomu nyingine zote zilizobaki."

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja dukani kwa dobi. Mama Pasi alikuwa amezungukwa na mvuke, shati jeupe limetandazwa mbele yake.

"Mama, nimeondoa ombi langu."

Mkono wa Mama Pasi ukaganda. "Nilikwambia nini?"

"Ulisema nisikuhurumie. Sijakuhurumia. Mpaka saa hii nimekasirika, ukitaka kujua."

"Sasa umefanya nini?"

"Nimesoma ubao mzima. Zile nyingine zote zina kikomo cha umri. Wewe hata fomu hawakupi. Una nafasi ya soko tu, hakuna nyingine. Mimi ninazo nne. Sijakupisha, mama. Nimehama foleni."

"Na ukizikosa zote nne?"

"Nitakuwa nimezikosa mimi. Mama, shati!"

Harufu ya kuungua ilikuwa imeshajaa. Mama Pasi akainua pasi, na pale mgongoni mwa shati pakaonekana pembe tatu ya rangi ya chai. Tajiri wa duka akapiga kelele kutoka chumba cha nyuma akiuliza kinachoungua ni nini. Mama na binti wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile wakacheka, wakiziba midomo kama wanafunzi waliokamatwa.

"Usidhani nitakushukuru," alinong'ona Mama Pasi, akijifuta machozi. "Bado sijaridhika. Lakini piga ua, moja kati ya hizo nne unaipata. Sasa nenda, kabla tajiri hajatufukuza wote."

Nafasi nne zilipungua haraka. Ushirika wa malori ulitaka mtoto wa mwanachama. Maswali akampigia baba yake, naye akasema atauliza kisha atapiga, na mpaka leo hajapiga. Benki ilikataa bila kueleza. Mamlaka ya maji ilitaka fizikia, ambayo Maswali hakuisoma. Ikabaki hospitali peke yake.

Basi wakajikaza kisabuni. Jioni meza ilirudi kuwa ya watu wawili. Mama Pasi alishika kitabu cha baiolojia na kumwuliza binti maswali huku akitamka majina ya vimelea kwa namna iliyomvunja Maswali mbavu. Wakimaliza, Maswali alikaa wima, akakunja uso na kujifanya mwenyekiti wa soko anayemsaili mama yake.

Mwenyekiti mwenyewe alikuwa mgumu kuliko wa kuigiza. Usaili ulifanyika katika ukumbi wa soko, yeye katikati, mkuu wa chuo kulia, mhasibu wa umoja kushoto.

"Mama, nafasi hii tuliikusudia kwa vijana."

"Imeandikwa hivyo, Mwenyekiti?"

"Haijaandikwa. Ila ndivyo tulivyokusudia."

"Iliyoandikwa inasema mhitimu wa mwaka huu. Ndiye mimi."

Mkuu wa chuo akaingilia. "Umeomba ufundi wa umeme. Kwa nini umeme?"

"Kwa sababu nimepigwa shoti na pasi miaka yote, mheshimiwa. Fundi anaitwa, anakuja, anakaza waya, anaondoka. Kesho napigwa tena. Nimechoka kupigwa na kitu nisichokijua."

Mkuu wa chuo na mhasibu wakaangua kicheko. Mwenyekiti hakucheka.

"Utaweza kukaa darasani na watoto wa watu, wanakucheka?"

"Binti yangu ananisahihisha hesabu kwa wino mwekundu. Nimeshazoea."

Majina yalipotoka, la Mama Pasi halikuwa kati ya waliochaguliwa. Lilikuwa chini ya mstari, la kwanza katika orodha ya akiba. Mama mkubwa alikuja kutoa pole, na safari hii alibisha hodi. Mama Pasi alilia mchana ule, akalala, kisha asubuhi akaanza safari za ofisi ya usajili. Kila wiki alipita akienda kazini kuuliza kama kuna aliyejitoa. Karani akawa akimwona tu mlangoni anatikisa kichwa. "Bado, mama." "Haya, mwanangu. Wiki ijayo."

Wakati huohuo Maswali alifanya mtihani wa hospitali katika ukumbi uliojaa watu mpaka madirishani. Alitoka amelowa jasho, hana uhakika na lolote. Matokeo yakacheleweshwa, yakacheleweshwa tena. Akapata kibarua cha kupokea nguo hapohapo dukani kwa dobi, akibandika namba kwenye mikoba ya watu na kujiambia kwamba si aibu.

Siku karani alipoacha kutikisa kichwa, Mama Pasi alishindwa kuvuka kizingiti. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa amepata chuo mji mwingine. "Ingia, mama," alisema karani, na akasimama mwenyewe kumvutia kiti. Mama Pasi alitia sahihi, kisha akatoka kwenda dukani nusu akikimbia. Maswali alimwona kutoka mbali na kujua kabla hajaambiwa. Alimkumbatia kwa nguvu, na kwa kweli alifurahi. Na ndani ya furaha ile kulikuwa na kijiwivu kidogo, akakiacha kikae mpaka kikaondoka chenyewe.

Chuo kilikuwa kimeshafunguliwa hospitali ilipompigia Maswali simu. Alikuwa wa pili kati ya wale wawili.

"Na wakikupeleka mbali ukimaliza?" mama yake alimwuliza.

"Nitakwenda."

"Mbali sana?"

"Mama, nitakwenda."

Mama Pasi akaitikia kwa kichwa.

Walikutana chuoni kwa nadra. Maabara ilikuwa upande mmoja, karakana upande mwingine. Asubuhi moja Maswali alipita nje ya karakana, akachungulia dirishani. Mama yake alikuwa amesimama kwenye meza ya kazi katikati ya vijana, ovaroli imemzidi, mikono imekunjwa. Mwalimu aliinua ubao mdogo wa nyaya ambao Mama Pasi alikuwa ameuunganisha, akautazama, akaurudisha mezani.

"Rudia," alisema.

Vijana wawili wakatazamana. Mama Pasi akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akachomoa nyaya zote, akazinyoosha, akaanza upya. Maswali alitaka kusubiri aone, lakini kengele ililia, naye alikuwa na somo.