Mbweha wa Ukuta wa Soko

Kijijini kwetu, huku milimani Oaxaca, mtoto akizaliwa majivu humwagwa kuzunguka nyumba. Nyayo zinazoonekana asubuhi ni za mnyama wake: akiumia huyu, anaumia na yule. Majivu ya kaka yangu Fidencio yalikuwa na nyayo za mbweha, na kutulia hakujua tangu siku hiyo. Mwaka jana alivuka jangwa kwenda kaskazini. Hatujasikia neno.

Mimi ni mchoraji. Nilipopewa ukuta wa soko niwachore wanyama wa watu wetu, mama alikuja na kiti chake akaketi nyuma yangu.

"Mchore Fidencio," alisema. "Anarudi."

Nikamchora mbweha mbali kabisa, mchangani, uso ameuelekeza kwetu. Kesho yake mama akataka asogee. Kesho kutwa yake tena. Nilifuta, nikachora, nikafuta, hadi ukuta ukawa na viraka na usingizi ukanipaa. Nilimkasirikia mama. Fidencio nilimkasirikia zaidi.

"We Eustolia," alisema Don Macario, muuza pilipili, ambaye mnyama wake ni mjusi, "mbweha wako anahamahama kama mpangaji anayemkimbia mwenye nyumba. Akimgusa mjusi wangu, tutafikishana kwa mwenyekiti."

"Mjusi wako hana nyama, Don Macario. Lala salama."

Soko zima lilicheka. Mama hakucheka.

"Msogeze, mwanangu. Jua kali huko."

Mbweha akavuka mto. Akapita makaburi, akaupanda mtaa wetu. Nilianza kuchora polepole, maana niliona nafasi iliyobaki hadi nyumbani ni ndogo. Mwishowe nikamfikisha mlangoni petu, mguu mmoja kizingitini.

Siku hiyo mama alipika tamale za kuku, zile za unga wa mahindi uliofungwa kwenye majani, akaacha mlango wazi. Kila mbwa alipobweka, aliinuka. Chakula kilipoa. Jioni nilifunga mlango mwenyewe, naye akanitazama kana kwamba mimi ni mwizi.

Asubuhi nilimkuta sokoni, amesimama mbele ya ukuta, kiganja juu ya mgongo wa mbweha. Niliogopa kumkaribia.

"Mama, nimfute?"

"Ukimfuta nitakulaani."

Kisha akaondoa mkono, akanipisha.

"Mrudishe jangwani," alisema. "Huko angalau alikuwa anatembea."