Samahani za Aneth

Aneth alijifunza Kihispania kwa masista, alipopelekwa Hispania akiwa mnovisi. Utawa ulimshinda. Akarudi Singida Mjini na lugha isiyo na mtu wa kuongea naye, mpaka shirika moja la visima lilipomleta mhandisi Ramiro, ambaye hakujua Kiswahili. Tangu hapo kazi yake ikawa kukaa kati ya Ramiro na wanakijiji.

Ramiro hakuwa mtu mbaya. Alichapa kazi, na ugali wa mtama aliumaliza bila kulalamika. Lakini pampu ya kijiji kimoja nje ya Kiomboi ilikufa kiangazi kilipoanza, na kila walipokwenda huko alikuwa na sababu mpya. Zote zilianza na "es que", kama vile mtu anavyosema "ni kwamba tu". Es que vipuri vimechelewa. Es que fundi anaumwa. Es que barabara. Aneth alizigeuza kwa Kiswahili, kisha akaongeza ya kwake: mgeni anaomba radhi sana, anawapa pole, anajua mmevumilia. Watu waliitikia, wakarudi makwao.

Asubuhi ile Aneth aliamka amechoka, uchovu ule usioondolewa na usingizi. Walipofika aliwaamkia wazee kwa Kinyiramba, wakaketi wote kwenye madawati ya shule. Ramiro akaanza: es que. Aneth akatafsiri alichosikia na hakuongeza kitu. Vipuri bado. Anayevishughulikia yuko likizo. Akaishia hapo.

Watu walisubiri aendelee. Bibi Rahabu, mwenyekiti wa kamati ya maji, akauliza kama mgeni ana hasira.

"Hapana, bibi. Yuko vilevile."

"Mbona leo hajatuomba radhi? Siku zote huanza na hilo."

Aneth alitazama mikono yake. Jibu la kupoza lingepatikana, alikuwa na mazoea nalo, ila siku hiyo hakuwa na nguvu ya kulitunga.

"Siku zote nilikuwa nasema mimi," alisema. "Yeye alileta sababu tu. Samahani zilikuwa zangu."

Mzee Gaspari alisema taratibu kwamba, kumbe, wamekuwa wakimsamehe mtu ambaye hajaomba. Hakuna aliyecheka. Ramiro akataka kujua kuna nini, na Aneth akamweleza kwa Kihispania, pamoja na uongo wake mwenyewe. Ramiro akawa mwekundu. Alisema hakumtuma amsemee. Halafu akasema, es que alidhani akileta sababu watu wataelewa kwamba jambo hili linamuuma.

"Hawajaelewa," Aneth akamjibu. "Wanachota maji kwenye mashimo ya korongoni. Waambie linakuuma."

Ramiro alisimama, akavua kofia. "Lo siento," alisema. Kisha akarudia hilohilo kwa sauti ndogo.

Watu wakamgeukia Aneth. Aliwaambia kwamba leo mgeni ameomba radhi mwenyewe, na neno lake ndilo hilo walilolisikia.

Bibi Rahabu alimtazama Ramiro. Hakumwambia kwamba yameisha. Alisema wamesikia, na safari ijayo aje na vipuri. Kisha akamgeukia Aneth.

"Na wewe, mwanangu? Wewe utatuomba lini?"

Aneth akapiga magoti, kama alivyolelewa, akaomba. Sababu alikuwa nazo nyingi, na nyingine zilikuwa za kweli, lakini hakutoa hata moja. Bibi alimshika mkono akamwinua, akamwambia aende akapumzike, anaonekana mgonjwa. Wanawake wakabeba ndoo zao kuelekea korongoni.

Garini Ramiro alimwomba amfundishe maneno yale kwa Kiswahili, ili siku nyingine ayaseme mwenyewe. Aneth alimwambia kesho. Akaegemeza kichwa kwenye kioo, na kabla hawajaipita Kiomboi alikuwa amelala.