Sauti Moja Moja

Walirekodia chumbani kwangu kwa sababu kabati langu limejaa nguo, na nguo hunyonya mwangwi. Alisema hivyo Waya, mtoto wa kaka yangu, anayetengeneza muziki kwa kompyuta. Binti yangu hupiga filimbi. Walikuwa wanatunga kipande cha onyesho, midundo ya mashine pamoja na filimbi. Kwa binti lilikuwa onyesho la kwanza lenye jina lake kwenye tangazo.

Nilikaa kitandani nikikunja mashuka, nimekatazwa hata kukohoa.

"Nipe sauti moja, polepole," Waya akasema. Akapewa. "Hiyohiyo, kwa nguvu." Akapewa. "Hiyohiyo, fupi." Kisha wakahamia sauti inayofuata.

Alasiri nzima hakumwomba wimbo hata mmoja. Fundi akikupima kila kiungo bila kuuliza unataka nguo gani, mimi humtilia shaka.

Binti alipokwenda jikoni kunywa maji, nikamfuata.

"Anataka nini huyu?"

"Rangi ya sauti tu, Mama. Huyo si mtoto wa mjomba?"

"Kikulacho hakitoki kwa jirani."

"Wewe ungemshuku hata malaika!"

"Ningemwomba kitambulisho."

Nikarudi chumbani. Waya alikuwa ametoka kupokea simu. Nikabonyeza kile kinanda chake kidogo kilichounganishwa na kompyuta. Filimbi ikalia, tena na ile pumzi ya mwanangu mwanzoni, anayoivuta kabla ya kupuliza. Nikabonyeza vitufe vitatu mfululizo. Wimbo ukaanza kutoka, na mpigaji yuko jikoni na glasi mkononi.

"Shangazi, usiguse!" Waya alikuwa mlangoni.

"Siku ya onyesho, binti yangu atasimama wapi?"

Akajikuna shingo. "Jukwaa lenyewe dogo, shangazi."

Binti alikuwa nyuma yake na alisikia. Akapita, akaifungua filimbi vipande vitatu, akaifuta na kuitia kwenye mkoba wake.

"Bado sauti za chini," Waya akasema. "Bila hizo kipande hakikamiliki."

"Zitakuja na mimi jukwaani," binti akamjibu. "Mimi mwembamba, sichukui nafasi."

Waya akanitazama, eti nimwokoe. Nikachukua shuka jingine.

"Basi nitampigia mwenye ukumbi," akasema, "niulize kama jukwaa linaweza kuongezwa."

"Mpigie hapahapa," nikamwambia, "na uweke spika, tusikie wote."