Picha Haina Maelezo

"Picha. Haina maelezo."

Sauti ilitoka ndani ya kompyuta kupitia spika za masikioni, kavu na ya haraka, kama ya mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya debe. Kijana aliyekaa mbele yake aliinua vidole kutoka kwenye kibodi kana kwamba kibodi imemuunguza. Tangu aanze kazi katika ofisi ile ya kuchapisha vitabu vya shule, sauti hiyo ilikuwa imemsomea kurasa zisizo na idadi, lakini maneno hayo matatu hakuwahi kuyasikia. Akabonyeza tena.

"Picha. Haina maelezo."

Akajaribu njia nyingine, ile aliyoizoea, inayomrusha moja kwa moja kwenye maoni ya mwandishi pembeni mwa ukurasa. Sauti ikamjibu, "Kimekunjwa." Kimekunjwa nini? Akabonyeza mara ya pili. "Kimekunjuliwa." Mara ya tatu kompyuta ikanyamaza kabisa, kimya cha mwenye nyumba asiyetaka kumfungulia mgeni.

Hakuwa ameona mwanga tangu kuzaliwa, wala hakuwa na muda wa kuulilia. Kazi yake aliifanya kwa sikio. Kitabu kikishapita kwa mwandishi, kwa mhariri na kwa mpangaji wa kurasa, macho yote yakishachoka nacho, ndipo kiliposhushwa kwake kisomwe mara ya mwisho. "Jicho husamehe," alipenda kujigamba, "sikio halina msamaha." Sauti ya kompyuta alikuwa ameiongeza kasi hata mwenzake akijaribu kuisikiliza alisikia mchirizo tu, kama mafuta yaliyomwagiwa maji. Yeye alielewa kila silabi. Walimbandika jina la Redio, naye akalipokea kama mtu anayevishwa nishani.

Leo redio ilikuwa imepoteza mawimbi. Usiku, ofisi ikiwa tupu, kompyuta ilikuwa imejisasisha yenyewe, programu ya kuandikia na ile ya majedwali, zote mbili kwa pigo moja. Jana aliiacha ikiwa mtumishi, leo kaikuta imekuwa mgeni. Nyumbani kwao mama yake aliweka sheria moja tu ambayo hata wageni walisomewa mlangoni: hakuna kuhamisha kiti. Mtu anayeona akihamishiwa kiti hununa, asiyeona hutoka damu. Sasa mtu asiyejulikana, wa mbali, asiye na jina wala uso, alikuwa ameingia humu na kuhamisha viti vyote, kisha akaenda zake akijipongeza.

"Redio," sauti ya kike ikaita kutoka meza ya pili, "leo umeshika kituo gani? Maana naona hakuna muziki wala taarifa ya habari."

Alikuwa mchoraji wa ofisi, mwanamke wa umri wa mama yake, ambaye wote walimwita Shangazi kwa sababu alikaripia kama shangazi na kulisha kama shangazi.

"Cha wenye masikio," Redio akajibu. "Hukipati."

Watu wakacheka. Shangazi akacheka zaidi yao. Wawili hao walikuwa na vita vya siku nyingi. Redio aliwahi kusema mbele ya ofisi nzima kwamba picha ni mkongojo wa watu wasiojua kusikiliza, na Shangazi akamwambia kwamba siku atakayozaliwa upya atazaliwa tangazo la biashara.

Redio akampigia simu fundi wa kompyuta.

"Hilo dogo, kaka," fundi akasema, mdomo umejaa chakula. "Imejiapdeti tu. Angalia juu kulia, kuna kialama cha bluu. Kibonyeze."

"Bluu inasikikaje?"

Upande wa pili kutafuna kukakoma. "Aa. Samahani, kaka. Ngoja niulize, nitakupigia." Hakupiga.

Akafungua jedwali lake la makosa, angalau apumulie huko. Humo aliandika ukurasa na mstari wa kila kosa, ili mpangaji wa kurasa ayarekebishe: tano mkwaju mbili, 5/2, yaani ukurasa wa tano, mstari wa pili. Sauti ikamsomea, "Tarehe tano, mwezi wa pili." Akashuka chini. "Tarehe saba, mwezi wa tatu." Mpangilio wake wa zamani ulikuwa umefutwa, na orodha ya makosa ilikuwa imegeuka kalenda ya sikukuu zisizokuwepo.

Hapo ndipo mkurugenzi aliposimama nyuma yake. Redio alimjua kwa viatu vyake, vilivyokanyaga sakafu taratibu kama vinaomba radhi.

"Nimesikia umepata matatizo, kijana wangu," mkurugenzi akasema. "Usijali. Kitabu kinatakiwa kiwandani kesho saa kumi. Nitampa mtu wa nje akimalizie. Wewe pumzika."

Afadhali angemfokea. Muda wake wa majaribio ulikuwa ukingoni, na wote wawili walijua kwamba kitabu hiki, kitabu cha kusoma cha watoto wa darasa la pili, ndicho kilichowekwa kuwa mizani yake. Ofisi nyingi kabla ya hii zilimwambia apumzike kabla hata hajachoka.

"Niachie," akasema, na sauti yake ikatoka kali kuliko alivyokusudia. "Kesho saa kumi utakipata."

Viatu vikasita. "Saa kumi basi. Isizidi."

Mchana wenzake walitoka kwenda kula. Ofisi ikabaki na feni tu, ikikwaruza mahali palepale kila inapozunguka. Redio alikuwa amepapasa menyu hadi vidole vikafa ganzi. Hasira yake, kama kawaida, haikupata njia nyingine ya kutokea isipokuwa mizani na vina. Hakuna aliyemfundisha kutunga. Alijifundisha mwenyewe kwa kusikiliza, na aliamini, bila aibu, kwamba hakuna aliyemzidi. Akaiinamia kompyuta na kuitamkia usoni:

"Ulinijua kwa jina, leo waniita nani?
Jana tulishikamana, wanong'ona sikioni,
Leo tunakimbizana, kama wezi gulioni,
Nipe mlango wa jana, nirudi kwangu nyumbani."

"Lo!" Sauti ya Shangazi ikatoka meza ya pili. "Kumbe redio ina na nyimbo."

Redio akaruka. "Hukwenda kula?"

"Nakula hapahapa. Nilikaa kimya nisikie utalia saa ngapi." Gurudumu la kiti chake likapiga mlio wake wa panya, likasogea, likasimama ubavuni pake pamoja na harufu ya rangi na wino. "Haya, sogea. Nionyeshe ulipokwama, nikufanyie, tumalize."

"Ukinifanyia leo, kesho utahamia hapa na kitanda?"

"Mtoto huyu! Nakusaidia unanitukana?"

"Sihitaji macho ya kuazima, Shangazi."

Alijua neno limemchoma. Tangu utotoni alikuwa amelishwa misaada asiyoiomba: watu waliomkamata mkono na kumvusha barabara asiyotaka kuivuka, waliomkatia nyama sahanini, waliomjibia alipoulizwa jina. Na baada ya kila mmoja wao sauti ya mtu mzima ilimkumbusha, sema asante. Alikuwa ameisema asante hata ikachakaa mdomoni kama sarafu iliyopita mikono mingi, sura yake imefutika. Alipokuwa mtu mzima, akaacha kuitumia.

Alingoja gurudumu lilie tena, likienda zake. Badala yake akasikia tiki ndogo, mbele yake, karibu kabisa.

"Umefanya nini?"

"Nimezima kioo cha kompyuta," Shangazi akasema. "Cheusi tii. Sasa na mimi sioni kitu, tuko sare. Nipe sikio moja la hizo spika zako, kisha niambie nibonyeze nini."

Redio akachomoa spika moja sikioni, akampa. Akauongoza mkono wake hadi kwenye kibodi. Ulikuwa mkono mgumu, wenye sugu pale penseli inapoegemea.

Sauti ikaanza kububujika. Shangazi akashtuka.

"Mungu wangu! Hii inasoma au inakimbizwa na mbwa?"

"Ni kasi yangu ya kawaida."

"Yako wewe. Mimi nimeshika neno 'na' tu. Punguza."

Akapunguza. "Bado," akasema Shangazi. Akapunguza tena, kwa uchungu, kama mwendesha baiskeli hodari anayeombwa ashuke atembee. Sauti ikawa ya mzee anayepanda ngazi. Wakaingia menyu ya kwanza, pamoja, kidole chake juu ya kidole cha Shangazi. Alitaka kuruka kwenda kipengele kinachofuata kama alivyofanya asubuhi nzima, lakini kidole cha Shangazi kilikuwa kizito, kikingoja kila neno limalizike.

"Maoni," sauti ikasema, ikavuta pumzi ya kimashine, kisha ikaongeza mkiani, taratibu, majina ya vitufe viwili vya kubonyeza.

Redio akaganda.

"Rudia," akanong'ona.

Shangazi akarudia. Njia mpya ya mkato ilikuwa imekaa palepale, mwisho wa sentensi. Kila kipengele kilikuwa kinaitaja njia yake. Asubuhi nzima sauti ilikuwa ikimwambia, na asubuhi nzima yeye alikuwa ameshakimbilia mbele kabla haijamaliza, kwa sababu ya kasi ileile aliyotembea nayo kifua mbele.

Alianza kucheka. Akacheka hadi feni ikawa haisikiki.

"Nini tena?" Shangazi akauliza. "Umerogwa?"

"Nimejiroga mwenyewe, Shangazi. Twende. Polepole hivyohivyo."

Wenzao waliporudi kutoka kula waliwakuta wamebanana mbele ya kioo cheusi, kila mmoja na sikio lake, wakigombana. Aliyejaribu kuwasha taa ya kioo alifokewa na wote wawili. Walizipata njia za maoni, za kutafuta, za kurudi ukurasa wa nyuma. Walilifunza jedwali kwamba tano mkwaju mbili si siku ya mtu kuzaliwa. Na Redio alipokwisha kuushika mji huo mpya, mtaa kwa mtaa, wakaanza kukisoma kitabu chenyewe. Bibi alikuwa akiwapeleka wajukuu mtoni, maji yalikuwa yamejaa, kisha:

"Picha. Haina maelezo."

"Hiyo nayo ni lugha gani?" Shangazi akauliza.

"Sasisho jipya. Zamani ikikutana na picha ilikuwa inapita kimya. Siku hizi inatangaza."

Mkono wa Shangazi ukatoka kwenye kibodi.

"Yaani," akasema, na ukali wote ulikuwa umemtoka, "vitabu vyote vile tulivyofanya pamoja, mimi meza ya pili, wewe hapo... ulikuwa hujui hata kwamba hapa pana picha?"

"Nilijua zipo kitabuni. Sikujua zipo wapi."

Alitaka kuongeza utani, ule wa mkongojo. Ulimfikia mdomoni ukaonekana mdogo, akaumeza.

"Hii ina nini?" akauliza.

"Kioo kimezimwa."

"Umeichora wewe."

Shangazi akavuta pumzi. "Bibi amesimama mwambani. Nimempa viatu visivyofanana, kimoja cha kamba, kimoja cha mpira, kwa sababu huyu bibi ni wa haraka, kavaa alichokikuta. Wajukuu wamejificha nyuma ya gauni lake, unaona miguu tu. Maji nimeyapaka kahawia, yale maji yenye hasira. Na ng'ambo kuna mbuzi wanawatazama kama watu waliolipa kiingilio."

Redio alimsikia bibi yule akihema. Miguu ile midogo ilikuwa inamkanyaga yeye.

"Mbuzi wangapi?"

"Watatu."

"Maandishi yanasema wawili."

Shangazi akapiga paja lake kofi. "Mhariri kapita hapo! Mimi nimepita hapo!"

"Mbuzi mmoja achinjwe au maandishi yabadilishwe. Chagua."

"Simchinji. Yule wa tatu ndiye mwenye ndevu nzuri."

Mwandishi alipigiwa simu. Alicheka, akaruhusu mbuzi wa tatu aishi. Waliendelea hivyo, ukurasa kwa ukurasa. Kila sauti ilipotangaza picha, Shangazi alisimulia, na Redio akayaandika maelezo hayo mahali pake ndani ya faili, ili sauti iwe na la kusema itakapopita tena. Mengine aliyakata. "Umeongea mno." "Basi weka wewe, mshairi." Naye aliweka.

Kesho yake, muda mrefu kabla ya saa kumi, Redio alikifungua kitabu toka mwanzo na kukisikiliza peke yake. Bibi na wajukuu walipofika mtoni, sauti ile ya debe ikasema, "Picha. Bibi amesimama mwambani, viatu vyake havifanani," na kwake haikuwa tena ya debe. Akakituma. Viatu vya mkurugenzi vikaja, na safari hii havikuomba radhi.

"Mpangaji kaniambia jedwali lako halijawahi kuwa safi hivi," akasema. "Mkataba wako uko mezani kwangu. Usiondoke bila kusaini."

Redio akaitikia kwa kichwa. Mkurugenzi alipokwenda, akasimama, akahesabu meza kwa ncha za vidole hadi ya pili. Harufu ya rangi ikamwambia amefika.

"Redio," Shangazi akasema bila kuacha kuchora. Penseli ilikuwa inakwaruza karatasi. "Umekuja kunitukana au kunikopa?"

Neno lile la zamani lilikuwa tayari kooni, lile lililochakaa. Aliligeuza ulimini na kulikuta, kwa mshangao, lina sura tena.

"Asante," akasema.

Penseli ikanyamaza.

"Vile vitabu vingine," akaendelea, "vyote nilivyovipitisha bila kujua umepita humo. Vilete. Utanisimulia picha moja moja, hata ikitupita jioni." Akatafuta ukingo wa meza, akaushika. "Na mimi nakuahidi, Shangazi, mbele ya meza yako hii: sitaongeza kasi."