Vidonge vya Mkebe wa Kahawa

Mosa aliwekewa vali ya chuma moyoni, na kila jioni alimeza dawa ya kuifanya damu iwe nyepesi isije ikaganda hapo. Basi alipolalamika kwamba mkojo unamuunguza, mama yake, 'Mamosa, hakuona haja ya kushuka kliniki kwa jambo dogo hivyo. Alifungua mkebe wa kahawa akampa vidonge vyeupe, viwili asubuhi, viwili jioni.

Vilikuwa vyake mwenyewe. Miaka saba alivipokea pamoja na dawa zake za virusi, akavihamishia mkebeni ili mtu asisome chupa. Vilimkinga yeye na vichomi, vitamdhuruje mwanawe?

Siku ya tatu fizi za Mosa zikatoka damu. Kliniki wakampima, wakakuta damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Nesi akauliza kama kuna dawa nyingine anayotumia, hata ya kuazima. Mosa akamtazama mama yake. 'Maletuka, dada wa marehemu mumewe, ambaye mdomo wake ndio redio ya kijiji, alikuwa kaketi pale pale.

"Hakuna," akasema 'Mamosa.

Mosa naye akanyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema kifo cha nani.

Nesi akadhani ni ukosefu wa mboga za majani, ambazo huizuia damu kuwa nyepesi mno, maana baridi ilikuwa imeziunguza bustanini. Akamwambia Mosa aruke dawa yake siku mbili, ale mboga. Masikini 'Mamosa, alizichimbua chache zilizosalia kwenye barafu mpaka vidole vikafa ganzi, akampikia na ugali. Na vidonge akaendelea kumpa, kwa kuwa mkojo ulikuwa bado unauma.

Siku ya sita Mosa alishika kichwa, akaanguka kando ya jiko. Hospitali wakasema damu imevujia ubongoni. Daktari alipouliza tena, 'Mamosa alitoa mkebe ndani ya blanketi lake, akautaja ugonjwa wake mbele ya wifi yake. Daktari akasema vidonge hivyo huipa nguvu mno ile dawa ya damu. Wangejua siku ya tatu, wangevisimamisha.

'Maletuka akamshika bega.

"Wifi, tunajua tangu mwaka ule wa kwanza. Mosa ndiye aliyetuomba tunyamaze, usije ukaona haya."

'Mamosa aliingia wodini akamwita mwanawe mara tatu. Mosa hakuitika siku ile, na kesho yake wakamzika.