Kipepeo Aliyetulia

"Tulia hivyo hivyo, mama. Namaliza sasa hivi."

Ni mimi niliyekuwa nikimbembeleza kipepeo, nimelala kifudifudi kati ya matuta ya nyanya, viwiko vimezama udongoni, sketi imelowa umande. Alikuwa chini ya jani, karibu kiasi kwamba pumzi yangu ingeweza kumpeperusha. Nilisogea kidogo, nikarudi kidogo, nikabana pumzi, nikabonyeza kamera. Nikabonyeza tena. Wenzake wote walikuwa wakiruka kabla hata sijapiga goti. Huyu alinisubiri. Nilipomaliza nilimshukuru kwa sauti, kama nilivyozoea kumshukuru mteja aliyesimama wima nikimpima kiuno.

Nilimhitaji kipepeo yule kuliko mtu angeweza kudhani. Siku za nyuma nilikuwa nimekosa ngazi ya mlangoni, mchana kweupe, nikateguka mguu. Kabla ya hapo nilimshonea jirani gauni, na mkono mmoja nikaupachika ndani nje. Jirani alilivaa hivyo hivyo kwenda kazini, akatupia sweta juu yake, na jua linawaka, ili nisije nikajua. Lakini binti yangu alijua. Yeye ni muuza dawa, amezoea kusoma maandishi ambayo wengine wanayaruka. Akaja na mumewe na wifi yangu, akasema kwake chumba kimeshapakwa rangi, nihamie.

"Mama, macho yako hayaoni."

"Yanaona."

"Sindano nani anakutungia?"

"Najitungia mwenyewe."

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye tangu niolewe hajapitisha siku bila kunichokoza, alidakia. "Anatunga kwa kupapasa, kama mtu anayetafuta swichi umeme umekatika."

Tukacheka. Binti yangu hakucheka.

Mkwe wangu ndiye aliyetupoza. Ni mpiga picha, za pasipoti na za harusi. Alitoa kwenye mkoba kamera yake ya zamani, yenye lenzi ile ya kawaida inayouzwa pamoja nayo. Akaichomoa lenzi, akaigeuza nyuma mbele, akaishikilia kwa mkono kwenye tundu la kamera. "Chungulia, Mama." Nikachungulia. Uzi wa kitambaa cha meza ulikuwa umenenepa kama kamba. Akaniambia hakuna cha kuzungusha; ukitaka kitu kionekane sawasawa, usogee wewe mwenyewe.

"Basi," binti yangu akasema, nusu utani, nusu si utani, "nipigie kipepeo, aonekane mpaka vumbi la mabawa. Ukiweza, sitataja tena habari ya kuhama."

Nikampa mkono. Nyumba hii niliingia nikiwa bibi harusi. Kila mlango naujua unavyolia.

Kwa hiyo siku chache baada ya kumrudishia mkwe wangu kamera aliyoniachia, waliporudi wote watatu mchana, nilikuwa nimetandika vitambaa na kuchemsha chai mapema. Mkwe wangu alikuwa ameichapisha picha kubwa, ameifunga kwa gazeti. Hakunitazama alipokuwa akiifungua. Akaiegemeza ukutani, juu ya cherehani yangu.

Lilikuwa bawa zuri, jamani. Rangi ya chungwa iliingia kwenye nyeusi bila mshono. Magamba yake yalipangwa kama shanga zilizotiwa na mtu asiye na haraka.

"Mnaona?" nikasema. "Wote walinikimbia. Huyu nilimwomba atulie, akatulia. Aliniamini." Nikawasimulia nilivyolala, nilivyombembeleza. Nikawaonyesha hata viwiko vilivyochubuka.

Nikageuka kwa wifi, nimejiandaa kuchokozwa.

"Hongera, wifi," akasema taratibu. "Umeweza kweli."

Hapo moyo ulinishtuka. Mwanamke yule hajawahi kunisifu bila kutia pilipili. Nikavaa miwani ya kushonea, nikaisogelea picha mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, kisha nikarudi nyuma kidogo, kama nilivyofundishwa.

Miguu ya kipepeo haikugusa jani. Ilikuwa imejikunja tumboni, mikavu. Uzi wa buibui ulipita juu ya bawa, ukamzunguka shingoni, ukamning'iniza. Mahali pa jicho palikuwa na tundu, na sisimizi alikuwa akichungulia humo.

Aibu ilianzia shingoni ikapanda mpaka kwenye mizizi ya nywele. Nilimbembeleza maiti asubuhi nzima. Nilimshukuru! Na hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba wote walikuwa wamekwishaona, mkwe wangu tangu siku aliyoichapisha, na walikubaliana kunyamaza. Walikaa kwenye viti vyangu kama nilivyokuwa nikiwafanyia wajukuu wakijifunza kutembea: mikono iko nyuma yao, tayari kuwadaka, wao wakidhani wanatembea wenyewe.

"Umeshinda, Mama," binti yangu akasema. "Sitataja tena."

Ningeweza kumimina chai, na nyumba ingebaki yangu.

"Amekufa," nikasema.

Mkwe wangu akaangalia viatu vyake. "Lakini picha yenyewe, Mama, imetoka vizuri sana. Mimi mwenyewe..."

"Alikuwa amekufa tangu nalala pale chini. Nyote mmeona. Ni mimi tu sikuona." Nikamgeukia binti yangu, ingawa kumtazama kulikuwa kugumu. "Ule mkono niliokupa, naurudisha. Nitahama."

Alisimama, akaanza kukusanya vikombe ambavyo hakuna aliyevinywea. "Sitaki kukuchukua ukiwa umevunjika moyo hivi," akasema. "Nipe muda kidogo, Mama."

Nilimpa. Nikaigeuza picha ikatazama ukuta, nikaanza kukunja nguo zangu, polepole, nikizipapasa kutafuta upande wa ndani.

Wiki haijaisha, nikasikia hodi. Alikuwa wifi, godoro kichwani, begi begani.

"Paa langu linavuja, wifi. Nihifadhi siku mbili tatu."

Mvua ilikuwa haijanyesha muda mrefu. Vumbi la njiani lilikuwa limemkaa mpaka kwenye nyusi. Hilo hata mimi nililiona. Uso ukaanza kuniwaka upya. Nilifungua mdomo nimwambie najua amekuja ili nisihame.

"Linavuja sana?" nikamuuliza.

"Kama chujio."

"Pole," nikasema. Nikashika upande wa pili wa godoro, tukaliingiza ndani.